Kondoo, Fahali na Waya wa Breki ya Mbele

Jumamosi hii nastaafu. Nina miaka kumi na minane, nina mgongo wa mtu wa sitini, na hakuna aliyeandaa sherehe. Nimepangiwa kidato cha tano, shule ya bweni mbali na Karatu, na bwenini hakuna karakana. Kwa hiyo nyinyi wawili mtakaokaa kwenye vigoda vya Fundi Gwandu baada yangu, nawaandikia humu, kurasa za nyuma za daftari langu, kwa sababu kuwaambia kwa mdomo siwezi. Nimejaribu. Jana nilifungua mdomo niwaeleze habari ya pedali ya kushoto, mkanitazama wote wawili kwa pamoja, nikaomba kwenda chooni.

Nilianza kazi likizo ya kidato cha pili. Mama alikuwa amechoka kuniona nimejificha nyuma ya nyumba na daftari, akanishika mkono mpaka karakana ya baiskeli iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, akamwambia Fundi, "Huyu Paskalina haongei, lakini mikono yake ina nguvu." Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya kuomba kazi. Fundi Gwandu alinitazama kuanzia kandambili kwenda juu, akasema, "Baiskeli nazo haziongei. Mtaelewana."

Siku ya kwanza akanipa spana namba kumi na tano na baiskeli ya katekista, nitoe pedali. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto nikaivuta, nikaikalia, nikaning'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba, mpaka adhuhuri. Sasa nawaambia nilichotakiwa kuuliza asubuhi ile: pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume. Mimi kwa saa nne nilikuwa naikaza. Fundi alikuwa ananiona muda wote huo. Baadaye nikamuuliza kwa sauti ya panya kwa nini hakuniambia. Akasema, "Hukuuliza. Nikadhani unafanya mazoezi." Pedali ile iko mpaka leo kwenye baiskeli ya katekista, na nadhani atazikwa nayo.

Ningeshika somo lile la kuuliza, kurasa hizi zingekuwa chache.

Mambo mengine mtayaona wenyewe. Karai la kutafutia pancha libadilishiwe maji kila asubuhi, vinginevyo hamtaona mapovu, mtaona uji. Vumbi la huku, lile jekundu, likikutana na mafuta ya cheni linakuwa kama udongo wa kujengea, kwa hiyo pakeni kidogo, kisha futeni nusu ya hicho kidogo. Mteja akisema "inalia tu kidogo," jueni ni beringi, na amekuja nayo hivyo tangu mavuno yaliyopita.

Lakini kuna desturi moja ya karakana yetu lazima niieleze vizuri, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Mnajua ule usukani wa baiskeli za mashindano, unaojikunja kwenda mbele na chini kama pembe za kondoo dume. Sisi tunauita kondoo. Ukilegeza nati ya katikati na kuugeuza pembe zitazame juu, anakuwa fahali. Tangu Fundi akiwa kijana, kila kondoo aliyeingia karakanani alitoka fahali. Hakuna aliyeuliza. Mtu wa Kansay anayeleta maziwa mjini anataka kukaa wima, madumu yasimpige magoti. Halafu kuna suala la heshima. Ukiendesha umeinama kama unatafuta sindano barabarani, unawapita wazee bila kuwaamkia, na habari inafika nyumbani kabla yako.

Pamoja na kugeuza, tunatoa breki ya mbele. Fundi anasema breki ya mbele humtupa mtu juu ya usukani, na amekwisha kuwaokota wengi mno kuendelea na mjadala huo. Waya wake hatuutupi. Tunaukata vipande, tunafungia keria za watu. Ukitembea sokoni ukaona keria imekazwa kwa waya mzuri wa chuma uliosokotwa, jua kuna breki ya mbele ilikufa ili keria hiyo iishi.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kondoo aliyegeuzwa. Fundi alinipa fremu kuukuu baada ya mtihani wa kidato cha nne, nilipoanza kazi ya kila siku, nikamfanya fahali siku hiyo hiyo, nikawa napita nimekaa wima kama padri. Vijana wa bodaboda walio ng'ambo ya barabara waliniita Sista Spana. "Sista Spana, tusalimie basi!" Mimi nilikuwa natazama mbele na kuongeza mwendo. Aibu ni injini nzuri sana, nawaambia.

Sasa kesi yenyewe.

Fundi alikwenda Mbulu msibani, siku nne. Akaniachia karakana na neno moja: "Usiharibu." Kabla ya kuondoka alikuwa amemwahidi Madam, yule mama mwenye kampuni ya kutembeza wageni kwa baiskeli, kwamba siku ya kuchagua kiongozi mpya wa misafara atapeleka fundi wa kufuata nyuma. Fundi huyo, kwa sababu ya msiba, sasa alikuwa mimi.

Siku moja kabla ya uchaguzi, saa kumi jioni, akaja kijana wa Kimasai ameegemeza baiskeli kwenye nyonga. Mrefu, shuka imefungwa kiunoni juu ya suruali ya jinzi.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikajibu. Kimasai changu kinaishia hapo.

Jina lake Lemayian, ametoka Oloipiri kule Loliondo, siku nzima kwenye basi na baiskeli juu ya paa. Ilikuwa baiskeli ya chuma ya zamani, tairi nene, vijiti vya gia kwenye fremu, na usukani wa kondoo mpana ajabu, pembe zimefunguka nje. Aliachiwa na mgeni mmoja ambaye yeye alimwongoza kwenye njia za ng'ombe hadi barabara kuu.

"Kesho Madam anachukua mtu mmoja," akaniambia. "Tuko wanne. Ng'ombe wangu walikufa na ukame, wote. Nikikosa kesho, narudi kumchungia baba mdogo. Sasa sista, nisafishie cheni na unikazie breki. Basi. Nakuja asubuhi."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilisikia vizuri kabisa, cheni na breki. Akaondoka.

Nikabaki naitazama ile baiskeli, na roho yangu nzuri ikaamka. Hapo ndipo muogope, roho yenu nzuri ikiamka na mwenye baiskeli hayupo. Nikajiambia, maskini, ametoka mbali hivi, hakuna aliyemwambia kwamba kondoo hugeuzwa. Kesho atakwenda Oldeani kwenye mashimo na mawe ameinama vile, mbele ya Madam, wenzake wamekaa wima. Atachekwa. Angekuwepo ningetakiwa kumuuliza, na nikashukuru hayupo.

Nikasafisha cheni. Nikakaza breki ya nyuma. Kisha nikabandua utepe wa usukani, nikageuza kondoo akawa fahali mzuri, fahali wa maonyesho. Nikatoa breki ya mbele. Wakati huo akaja Mama Hhawu wa Kansay, keria yake inayumba na ana gunia la mahindi. Nikaukata waya wa Lemayian vipande viwili, nikamfungia. Akanibariki. Akaenda zake Kansay na breki ya mtu.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Lemayian akafika. Nilikuwa nimeisimamisha baiskeli mlangoni, nimeipangusa, nasubiri kushukuriwa.

"Takwenya."

"Iko."

"Baiskeli yangu iko wapi?"

Nikaionyesha kwa kidole. Akaizunguka mara moja. Akashika pembe moja, akaiachia.

"Hii ni ng'ombe," akasema. "Mimi nilileta baiskeli." Halafu akaona mbele. "Breki iko wapi? Nani amefanya hivi?"

"Fundi," nikasema.

"Fundi yuko wapi?"

"Mbulu. Msibani."

"Tangu lini?"

"Juzi."

Akatazama mikono yangu. Ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Afadhali angenitukana, ningelia nikamaliza.

"Nilikuonea huruma," nikasema, nikitazama karai.

"Kwa nini?"

Nikaeleza, kadiri ninavyoweza kueleza: kuinama, mawe, kuchekwa. Akachuchumaa karibu yangu akaongea taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya kisimani. "Sikiliza. Njia ya mawe, ukishika usukani kwa juu, kila jiwe linakugonga kiganja, mkono unaruka. Hapa chini ndani ya pembe, mkono hauna pa kurukia. Umeshawahi kumshika ndama apigwe sindano? Ukimshika juu juu anakutupa. Unamkumbatia kwa chini, anatulia. Na breki iko hapa hapa kwenye vidole, vidole viwili tu. Ila bila breki ya mbele hakuna kitu. Ya nyuma inaburuza tu. Ya mbele ndiyo inasimamisha." Akagusa pale mbele palipo patupu. "Waya uko wapi?"

"Kansay," nikasema.

Tulikuwa na muda mpaka saa tatu, Madam alipopanga kuanza. Kugeuza usukani na kuirudisha breki kulichukua dakika ishirini. Utepe nilikuwa nimeuchana, nikazungushia mpira wa tyubu. Waya hatukuwa nao, na duka la vipuri hufunguliwa saa tatu hiyo hiyo. Mahali pekee penye waya wakati ule palikuwa ng'ambo ya barabara, kwa Deo, fundi wa pikipiki, kiongozi wa kwaya ya wanaoniita Sista Spana.

Miaka miwili sikuwahi kuvuka barabara ile. Nikavuka.

"Naomba waya wa eksileta," nikasema.

"Nini?"

"Waya wa eksileta."

"Oya, machalii, njooni! Sista Spana anaongea! Rudia, mwanangu, pikipiki inanguruma sijasikia."

Hakuna pikipiki iliyokuwa inanguruma. Nikavuta pumzi nikapiga kelele ambayo sijui ilitokea wapi: "NAOMBA WAYA WA EKSILETA, NIMEHARIBU BAISKELI YA MTU!"

Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya kusaga waligeuka wote. Mashine yenyewe nadhani ilisita. Deo akaacha kucheka. Aliingia ndani akatoka na waya, akanipa na tupa juu yake. "Kichwa cha waya huu kinene, kisugue kidogo ndipo kitaingia. Hebu kwenda, unatetemeka."

Nikasugua, nikapitisha, nikafunga. Lemayian akaibonyeza breki, ikakamata. Tukaenda, yeye kwenye kondoo wake na mimi nyuma kwenye fahali wangu, spana ndani ya begi la shule.

Mlima wa kwenda Oldeani sitausimulia kwa sababu sehemu kubwa niliupanda kwa miguu. Madam alikuwa mbele na gari. Wagombea wengine watatu walikuwa na usukani wa kawaida, ulionyooka, na walikuwa wanamtania Lemayian njia nzima, wakimwita Yero, jina ambalo mjini kila Mmasai hupewa. "Yero, umedondosha nini huko chini?" "Mwacheni, anasoma nyayo." Yeye alikuwa anacheka nao na kupanda.

Juu, kwenye mashamba ya kahawa, tukapumzika. Mteremko ulikuwa mbele yetu, mvua imeuchimba mifereji, mawe yamebaki juu kama meno. Madam akasema, "Mimi natangulia chini nawasubiri. Nataka kuona mnavyoshuka, kama vile nyuma yenu kuna wageni wangu." Kabla hajaingia garini, Lemayian akainua mkono. Alikuwa ameibonyeza breki ya mbele, na kishikio kimelala mpaka kwenye usukani. Waya ulikuwa umeteleza kwenye nati. Nati niliyoifunga mimi.

"Kuna nini?" Madam akauliza.

"Waya umelegea," Lemayian akasema. Hilo tu. Hakunitazama hata kidogo.

Madam akainama akaona waya wa pikipiki na mpira wa tyubu. "Hii ni kazi ya Gwandu? Gwandu anafunga breki hivi siku hizi? Na wewe ukapanda mlima na kitu kama hiki, unataka nikupe wageni?"

Mgombea mmoja akaguna. Nikaona nafasi ya Lemayian inateremka bila yeye. Nikaona pia jina la Fundi, ambaye wakati huo alikuwa anazika ndugu yake, linateremka nayo. Na nikajua kwamba nikiishia kuitikia kwa kichwa tena badala ya kusema, yamekwisha.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Paskalina. Fundi Gwandu yuko msibani. Huyu Lemayian aliniambia nikaze breki, mimi nikageuza usukani. Sikumuuliza. Nikatoa breki ya mbele, nikaukata waya wake, nikafungia keria ya Mama Hhawu. Huo ni waya wa eksileta. Nati sikuikaza vizuri kwa sababu nilikuwa natetemeka. Na asubuhi nilimwambia ni Fundi aliyefanya, nikadanganya."

Hayo yalikuwa maneno mengi zaidi niliyowahi kusema kwa mkupuo mmoja, na yote yalikuwa dhidi yangu. Wale watatu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Keria ya nani?" akawa anauliza. "Ya Mama Hhawu!"

Nikatoa spana namba kumi, nikavuta waya, nikakaza huku nalia mpaka vidole vikauma. Madam alisimama juu yangu muda wote. Kisha akaenda chini na gari lake.

Wale watatu wakashuka, vumbi tupu. Lemayian hakupanda baiskeli. Alishuka kwa miguu anaisukuma, na kila hatua kumi anabonyeza breki ya mbele, anaegemea uzito wake wote, anaiangalia nati, anaendelea. Alifanya hivyo sehemu yote mbaya ya juu. Chini kule walikuwa wanampigia miluzi. Aliporidhika, akapanda, akashika ndani ya pembe, akashuka yaliyobaki.

Nilimwona vizuri, kwa sababu nilikuwa nimelala ndani ya mibuni. Mimi nilikuwa nimejaribu kumfuata nimekaa wima, na breki ya nyuma peke yake, na fahali wangu kwenye mfereji wa kwanza alinirusha mikono yote miwili, sawasawa na nilivyoambiwa asubuhi. Kutoka kwenye kahawa ile nikaona baiskeli inaruka chini yake na yeye kifua kimetulia, viwiko vimelegea, kama mtu anayebeba maji. Nikasema moyoni, kumbe. Nikatoa majani mdomoni.

Alifika wa nne kati ya wanne. Mimi nilifika baada ya wote, nikiwa nimebeba begi na aibu. Madam akawa anamuuliza, "Kwa nini ulitembea?"

"Breki imefungwa sasa hivi na mtu anayelia, Madam. Nikasema niijaribu kwanza."

"Na kama wageni wangekuwa nyuma yako wana haraka?"

"Wangetembea na wao."

Madam hakucheka. Aliandika kitu, akatuambia tutawanyike.

Fundi aliporudi nilimsubiri akae, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza akisokota kipande cha mpira.

"Waya ulimfungia Mama Hhawu?"

"Ndiyo, Fundi."

"Keria ilikaza?"

"Ilikaza."

"Basi kuna kitu ulifanya sawasawa." Akauweka mpira chini. "Binti, hata mimi sijawahi kumuuliza mtu hata mmoja. Miaka yote hii nimegeuza tu." Akachukua chaki akaandika juu ya mlango, kwa herufi kubwa: KONDOO AU FAHALI? Chini yake: BREKI YA MBELE IBAKI AU ITOKE? Kazi ya kuyasoma maswali hayo kwa sauti, kwa kila mteja, akanipa mimi. Ile ndiyo adhabu niliyopewa, na hakuna mwalimu aliyewahi kunipa kali kama hiyo. Wiki ya kwanza nilitokwa jasho. Kumbe karibu wote hujibu fahali, itoke. Lakini wanapenda kuulizwa.

Siku ya tatu ya adhabu hiyo Lemayian akaja amevaa fulana ya kampuni ya Madam, bado ina mikunjo ya kukunjwa. Alikuwa ameleta baiskeli tano za wageni. Kwenye usukani wa kila moja alikuwa amefunga kitambaa chekundu cha shuka.

"Hiki cha nini?" nikamuuliza. Niliuliza mwenyewe, andikeni hilo.

"Maana yake, Paskalina usiguse."

Tangu siku hiyo ndiye mteja wetu mkubwa, na ndiye aliyenifundisha mengi niliyowaonyesha kwa vidole.

Leo mchana nimekusanya vitu vyangu. Spana namba kumi Fundi amesema niende nayo, hivyo tafuteni nyingine. Nilipotoka nje nikaikuta baiskeli yangu mlangoni. Fahali wangu wa miezi yote hii alikuwa amegeuzwa, pembe chini, utepe mpya, na mbele kuna breki, waya mpya unang'aa. Lemayian alikuwa amekaa kwenye kigoda changu anafuta mikono na tambara langu.

"Nani amefanya hivi?" nikamuuliza.

"Fundi," akasema.

"Fundi yuko ndani anakula."

Akatazama karai. "Nilikuonea huruma," akasema.

Nikapanda. Kutoka pale mpaka nyumbani ni lazima kupita mbele ya bodaboda wote na foleni yote ya mashine ya kusaga, na safari hii nimeinama kama natafuta sindano. Nilipofika kwa wazee waliokaa pembeni ya mashine nikakumbuka habari ya heshima, nikainua shingo, nikapiga kelele, "Shikamooni!" Waliruka. Ng'ambo ya barabara nikamsikia Deo, "Oya, ameanza tena!"

Shingo inaniuma ninapoandika haya. Usukani sijaugeuza.